Tumbo Langu na Waliolisubiri

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa mjamzito hapa mtaani kwetu Nyamirambo, na hakuna aliyeona kwamba hesabu hiyo ina kasoro.

Ilianzia ofisi ya sekta, yaani serikali yetu ya mtaa. Nilikuwa nimepanga foleni ya cheti, mlinzi akanitazama tumboni, akatazama sakafu kwa adabu, kisha akanipeleka mbele ya watu wote. Ningeweza kumwambia kwamba mle ndani hamna mtu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi si malaika. Nilitembea taratibu mpaka dirishani, mkono mmoja kiunoni, nikapata cheti changu na kwenda zangu.

Kwetu mimba haitangazwi wala haiulizwi. Ukiiuliza unaweza kuitia kijicho, au ukamwaibisha mwenyewe, kwa hiyo watu wanaona, wananyamaza, wanaanza kukutendea. Hicho ndicho kilichoniponza. Mtu akikuuliza kama una mimba, unamjibu huna, mmemalizana. Utamjibu nini mtu aliyekupokea ndoo ya maji bila kusema neno? Muuza matunda alikuwa ananiongezea parachichi. Jirani alinikataza kwa ishara kuinua cherehani yangu mwenyewe. Parachichi nilikuwa nakula, na tumbo lilikuwa linashukuru.

Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu hasa ni matumbo ya watu. Bibi harusi anakuja na mama yake na shangazi zake kushonewa mushanana, vazi letu la sherehe, futi yangu inawazunguka, najua nani ameongezeka tangu harusi iliyopita. Namba siisomi kwa sauti kamwe. Nikilazimika kuitaja naipunguza kidogo, kisha kwenye kitambaa naachia nafasi ya ukweli. Nusu ya wanawake wenye heshima katika mji huu nimewaficha ndani ya bitana na mikunjo, wakapiga picha wakatoka wembamba. Langu tu ndilo lililonishinda.

Lilikuwa limebaki baada ya mtoto wangu wa tatu, ambaye sasa yuko darasa la tatu na ananisahihisha Kiingereza. Nilijaribu kila kitu. Niliacha wali. Nilikimbia zile Jumapili ambazo barabara hufungwa magari na jiji zima huvaa viatu vya michezo kwenda kutazamana. Nikapungua uso, nikapungua miguu, mpaka dada yangu akaniuliza kama naumwa. Tumbo halikupata habari, na juu ya miguu hiyo myembamba ndipo lilipoanza kuonekana kama mimba.

Nilipokwenda kliniki nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka kunyonywa mafuta. Nilikuwa nimetazama video nyingi, na mtu aliyetazama video nyingi hana haja ya daktari, anahitaji tu mtu mwenye vifaa. Daktari alikuwa mtu wetu aliyekulia Bujumbura, Kiswahili chake cha huko huko, na alinisikiliza kwa uvumilivu ambao ulianza kuniudhi. Kisha akanisimamisha mbele ya kioo, akabana tumbo langu kwa vidole viwili, kama mimi ninavyopima unene wa kitenge.

"Mafuta iko kidogo tu, mama," akasema. "Hii yenye nashika ni ngozi. Na hapa kati, misuli iliachana wakati wa kuzaa, haijarudiana. Nikinyonya mafuta, ngozi itabaki inaning'inia."

"Itajirudi," nikamwambia. Video zilikuwa zimesema itajirudi.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Fundi wa nguo."

"Sasa mto, ukitoa pamba, foronya inakuwa ndogo?"

Nilikasirika, kwa sababu hilo ni jibu ambalo mimi mwenyewe ningempa mteja mjinga. Akachukua kalamu, akachora kwenye karatasi. Kuna njia ya pili, akasema: kukata. Anapasua chini kabisa, kutoka nyonga hadi nyonga, mahali nguo ya ndani inapofunika. Anashona misuli irudi pamoja, anaivuta ngozi chini kama shuka, inayozidi anaiondoa, na kitovu anakifungulia tundu jipya. Wiki mbili nitembee nimeinama, wiki kadhaa nisinyanyue kitu, na kovu nitakuwa nalo maisha yangu yote. Nilitazama ule mchoro nikaona ni mtu anayejua kukata. Hilo nalo liliniudhi.

Kisha akauliza, macho yake yakiwa bado kwenye karatasi, "Uko unataka mutoto mwingine?"

Akaeleza sababu. Mimba ikija baada ya kukatwa, itavuta tena kila kitu alichokikaza, kwa hiyo kazi hiyo anamfanyia mwanamke aliyemaliza kuzaa. Kunyonya hakudai ahadi kubwa hivyo, ila kwangu mimi hakutasaidia sana. Halafu akaweka kalamu mezani, akaningoja.

Nina miaka thelathini na nane. Nimeulizwa nataka mboga gani, nataka nyumba ipakwe rangi gani, hata kabla ya ndoa niliulizwa kama nimekubali, ingawa watu walikuwa wameshakula. Hilo la mtoto hakuna aliyewahi kuniuliza. Watoto wangu watatu walikuja kama mvua za Aprili, ambazo kila mtu anajua zitakuja na hakuna anayeombwa ruhusa. Jibu langu lilikuwa hapana, na lilikuja haraka kiasi cha kunitisha. Sikulisema.

"Nitamuuliza baba watoto," nikajibu, mimi ambaye simuulizi hata bei ya sukari.

Mume wangu ana duka la vifaa vya umeme Kabeza, na ni mtu mpole, maana yake hapendi kuamua jambo ambalo baadaye linaweza kumrudia. Nilimweleza Jumapili tukila.

"Wakunyonye tu," akasema. "Hiyo ya kukata ni kubwa sana."

"Ya kunyonya haitanisaidia. Daktari amesema."

"Lakini iko nyepesi. Na huwezi kujua ya mbele."

"Mbele kuna nini?"

"Mbele tu," akasema, akatazama tumbo langu kidogo, halafu akaendelea na samaki wake.

Nikaelewa kwamba hata yeye, anayelala kando ya tumbo hili na kujua ni tupu, alikuwa bado analisubiri. Iliniuma. Niseme wazi, iliniuma kuliko nilivyodhani, na nikaosha vyombo kwa kelele nyingi ambazo mtu mpole hakuzisikia.

Basi nikaanza kuona busara ya kunyonya. Ni upasuaji usionifaa chochote, ila haumkasirishi mtu. Ningevaa lile vazi la kubana, ningepata michubuko yangu, watu wangenipa pole, na ngozi ingebaki inaning'inia ikisubiri wageni. Nilikuwa tayari kutobolewa matundu ili nisifungue mdomo. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimepanga kumpigia daktari Jumatatu, nimwambie nimechagua.

Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima hutoka asubuhi kuzibua mitaro na kufyeka nyasi, na midomo nayo haikai bure. Kumbe mtu alikuwa ameniona nikitoka kliniki, na kwenye jengo lile lile, orofa ya chini, kuna daktari wa wajawazito. Kabla ya adhuhuri mama mkwe wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa na chupa kubwa ya uji wa mtama, na kwenye mfuko mwingine shuka laini ya kubebea mtoto mgongoni, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Hakuuliza kitu. Alimimina uji, akaniwekea kikombe mkononi, akakaa mkabala na tumbo langu. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, anatazama simu na kutabasamu.

"Kunywa, mukazana wangu," mama mkwe akaniambia. "Maziwa itakuja mingi."

Hapo uvumilivu ukanitoka. "Mabukwe, hakuna mtoto."

"Imetoka?" akauliza polepole, na nikaona macho yake yanaanza kujaa. Mwanamke huyu alikuwa tayari kunililia msiba ambao haukuwepo. Nikaona aibu ya kila parachichi nililokula.

"Haijatoka. Haikuwepo. Hili ni tumbo tu, la tangu mtoto wa tatu."

Nikamwambia yote: mafuta na ngozi, kunyonya na kukata. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda asikokujua.

"Na hiyo ya kukata, hauzai tena?"

"Naweza kuzaa, lakini kazi yote itaharibika. Ndiyo maana daktari aliniuliza kama nataka mwingine."

"Alikuuliza weye?"

"Ndiyo."

"Akangoja ujibu?"

"Akangoja."

Akainua macho, kama anamtazama huyo daktari mbele yake. "Ukamujibu nini?"

"Nilisema nitamuuliza baba watoto."

Akasonya. Msonyo mrefu, wa Nyamirambo, ambao hauhitaji mkalimani. Kisha akachukua kile kikombe cha uji mkononi mwangu, akanywa mwenyewe.

"Mie nilizaa sita," akasema. "Hakuna mutu aliniuliza. Si baba yao, si mama mukwe, si daktari. Wangeniuliza, ningesema wane ilitosha."

Mume wangu akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Mama," akasema, "mimi ni wa sita."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo." Akampapasa goti bila kumtazama. "Nakupenda sana. Lakini hawakuniuliza."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alikaa na simu mkononi, kioo kimezimika, akimtazama mama yake kama amemwona leo kwa mara ya kwanza. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akanigeukia.

"Daktari alikungoja. Na sie tuko tunakungoja. Unataka mwingine?"

"Hapana," nikasema. Ilitoka ndogo sana, mpaka mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama nimeisema.

"Sema tena," akasema. "Bwana yako hajasikia."

Nikasema tena.