Siku Niliyosema Asiguswe

Duka la dada yangu pale Kariakoo ni jembamba kiasi kwamba vitenge vilivyotundikwa kwenye kuta mbili karibu vinagusana katikati. Mchana jua likiingia, rangi zake humwagika sakafuni, na ukikaa sana kelele za mtaani huanza kusikika kana kwamba uko chini ya maji. Nimekaa humo tangu nihitimu. Nasubiri kazi, na nawaza.

Siku zile nilimwaza dada. Ana kifafa tangu utotoni, na shangazi wa mchumba wake alikuwa anakuja kumwona kabla barua ya posa haijaandikwa. Mama alitaka tunyamaze. Dada alikataa.

"Wewe ndiye uliyesomea," aliniambia. "Mweleze kama ulivyoeleza chuoni."

Chuoni niliandika juu ya vinasaba visivyotengeneza protini. Vyenyewe hutoa RNA, aina ya ujumbe wa kemikali ndani ya seli, na RNA hiyo huamuru vinasaba vingine viwake au vizime. Kwa watu wenye kifafa, alama za kemikali zilizo juu ya baadhi ya vinasaba hivyo zimeonekana kukaa tofauti. Wiki nzima nilijaribu maneno mbele ya kioo. Nikisema vinasaba, atasikia ukoo mbovu. Nikisema alama, atasikia uchawi.

Shangazi alikuja peke yake, baada ya adhuhuri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda na kunitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Haya msomi. Nasikia una maelezo ya kifafa cha dada yako."

Nikachukua kipande cha kitenge na chaki ya fundi. Nikachora mstari. "Kitambaa ni kilekile, mama. Chaki inamwambia fundi akate wapi, aache wapi. Kwa dada, chaki imekaa mahali pasipo pake."

"Nani kaichora?"

"Hatujui. Huenda ni ugonjwa wenyewe, huenda ni dawa."

"Na watoto watazaliwa na hiyo chaki?"

"Kwa uhakika hatujui. Wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima."

"Msomi gani huyu, kila swali hajui." Alicheka, na dada naye akacheka. "Lakini kifafa hakiambukizi?"

"Hakiambukizi."

Dada aliacha kucheka. "Mbona kunanuka mpira unaoungua?" alisema polepole, macho yakienda mbali. Hakuna kilichokuwa kikiungua. Akateleza katikati ya vitenge, navyo vikashuka juu yake kimoja kimoja, bila haraka.

Shangazi alinyoosha mikono amdake.

"Usimguse," mtu akasema.

Ilikuwa sauti yangu. Nyumbani kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa sheria: povu huambukiza, kaa mbali mpaka amalize. Nilisoma miaka yote ile na sikuwahi kumshika dada yangu akiwa ameanguka. Chuoni hakuna aliyeniuliza.

Mikono ya shangazi ilibaki hewani. "Si umesema hakiambukizi?"

Nikapiga magoti. Nikamwekea dada kitenge chini ya kichwa, na alipoacha kutikisika nikamlaza ubavu. Nikamfuta povu kwa kiganja. Lilikuwa na joto tu, basi.

"Hakiambukizi," nikasema. "Nimekosea, mama."

"Lipi ndilo ulilosoma, lile la kutomgusa au hili?"

"Hili. Lile nililelewa nalo."

Alikitazama kiganja changu. "Hata mimi nililelewa nalo," alisema. Akashuka kwenye kigoda, taratibu kwa ajili ya magoti, akamshika dada unyayo. Tulikaa hivyo. Mwanga wa kijani wa kitenge kimoja ulikuwa juu yetu sote watatu.

Dada alifumbua macho, akamwona. Midomo yake ilikuwa mizito. Akanigeukia. "Umeshamweleza?"

Shangazi ndiye aliyejibu.

"Kaeleza, tena mara mbili. Pumzika kwanza, mwanangu. Ya barua nitaongea na mama yako."