Cherehani ya Bi Mwanaidi

Mwenzenu nautaka udiwani wa kata yetu kule Dar, na sera zangu ni mbili: ajira na uwajibikaji. Juzi nilikuwa Xintang, mji wa viwanda vya jinzi huku Guangzhou, China, naandika jina langu kwa brashi na rangi nyekundu kwenye marobota yangu ya jinzi za kuuza Dar ili yasipotee bandarini. Mlio wa cherehani za kiwandani ukanirudisha utotoni, kwenye baraza ya Bi Mwanaidi, fundi aliyenishonea kaptura ya kwanza ya shule. Mafundi walijaa pale tangu asubuhi, na sisi watoto tuligombania vipande vya vitambaa tutengenezee mpira. Machozi yakanilenga.

Nikampigia Bi Mwanaidi simu ya video. Wapiga kura wangu walikuwa wamekusanyika barazani kwake hapohapo, wakinisubiri.

"Mafundi wetu wako wapi?" nikaunguruma, utadhani nimeshaapishwa. "Nani kaua kazi zao? Ajitokeze, awajibike mbele yenu!"

Watu wakasogelea simu. Mimi nikajua nimewagusa.

"Mwanangu Musa," akasema Bi Mwanaidi taratibu, "wenzangu wote wameuza cherehani zao. Yangu nimeifunika tu, tangu zilipoingia jinzi za bei rahisi. Ngoja uione."

Akageuza simu. Cherehani ilikuwa kwenye kona ileile, imefunikwa kwa gunia la robota. Juu ya gunia, kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: MUSA, DAR.

Na brashi bado nilikuwa nayo mkononi, wote wanaiona.