Ufunguo wa Tembe la Kwihara

Leo nimemtukana marehemu.

Ngoja niwaeleze kwanza, halafu mseme mnachotaka.

Asubuhi nimewapeleka wageni wawili wa kutoka Dar kuona lile tembe, nyumba ya kale ya udongo, pale Kwihara. Tumefika, mlango umefungwa. Mzee Lukas, mtunza ufunguo, hapokei simu.

Nikapiga mara sita. Hasira zikanipanda, nikamwandikia meseji: "Mzee, kama kazi imekushinda sema tutafute mwingine. Unaniaibisha!"

Nikaona haitoshi. Nikatuma nyingine, hiyo siirudii hapa.

Mara wakapita kina mama, kuni kichwani, wengine wamebeba unga kwenye ndoo. Wageni wakatoa simu. Na mimi ndiye niliyewaambia, "Pigeni tu picha, huku ndiyo maisha yetu."

Nimezaliwa huku jamani. Kuni na unga, wote wanaelekea njia moja, na hakuna anayecheka. Ningekuwa na akili zangu ningejua ni msiba.

"Shikamoo mama. Mzee Lukas yuko wapi?"

"Marahaba. Amefariki alfajiri, mwanangu. Ndiko tunakokwenda."

Wageni wakashusha simu zao.

Tukawafuata. Binti yake alikuwa amekaa mkekani, simu ya baba yake mkononi. Nikafungua mdomo nitoe pole.

"Ni wewe wa zile meseji?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo.

"Jana jioni alizidiwa, akanikabidhi huu. Alisema una wageni, usije ukaaibika."