Mama Mkwe Wangu na Hondohondo Wake

Katika kazi yangu nimedanganya mteja mara moja tu, na uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja: "Ninao."

Nina studio ndogo ya picha mjini Wote, Makueni. Napiga picha za pasipoti, za harusi, na za watoto wa chekechea wanaohitimu wakiwa wamevalishwa majoho yanayowafunika hadi vidole. Lakini ukutani nilikuwa nimebandika picha nyingine, zile nilizopiga kwa raha yangu tu. Kulikuwa na vilima vya Mbooni asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mashambani. Kulikuwa na mama akipanga maembe kando ya barabara kuu pale Makindu, na mchongaji akipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye sikio la twiga. Basi siku moja mwanamke aliyekuwa safarini akaingia kutaka picha za pasipoti. Badala ya kukaa kwenye kiti, akaanza kuzunguka ukuta, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuhamia. Alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu Nairobi. Walikuwa wakiandaa kitabu kikubwa cha picha za Kitui na Makueni, kuanzia mahali na watu hadi wanyama wa porini, na mpiga picha waliyemtegemea alikuwa amejitoa.

"Picha za mahali unazo," akasema. "Za watu unazo, na ni nzuri sana. Wanyama wa porini je, unao?"

"Ninao."

Mnyama pekee niliyekuwa nimempiga picha maishani mwangu ni paka wa jirani, naye alikuwa amelala.

Akanipa wiki tatu. Alipoondoka nilifunga mlango, nikarukaruka mpaka taa yangu yenye mwavuli ikaanguka. Kitabu! Kitabu kizito, chenye jalada gumu, kile ambacho watu hukifungua juu ya meza kwa mikono miwili! Niliokota taa nikiwa bado nacheka, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sina hata sungura.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hupenda majibu mafupi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nenda Mutomo, kwa mjomba. Huko ndege na digidigi wamejaa. Mwombe mama akupeleke."

Ilikuwa rahisi kwake kusema hivyo, kwa sababu si yeye ambaye angesafiri na mama yake. Mama mkwe wangu huishi Mbooni, peke yake tangu baba mkwe alipofariki, na hulima matuta yake ya maharagwe na parachichi kwenye mteremko ambao mimi hupanda nikishika nyasi. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu sikuwahi kuona meno yake akicheka. Likimjia la kuchekesha, hufunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika kidogo, basi. Katika kila picha aliyowahi kupigwa amekaa kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Nilimpigia simu.

"Ndege apigwe picha ya nini?" akauliza. "Anatafuta kitambulisho?"

"Ni ya kitabu, Mama."

"Na watu wazima watanunua kitabu cha kuangalia ndege, na ndege wako nje bure?"

Lakini Mutomo ndiko alikozaliwa, na hakuwa amemwona mdogo wake, yaani huyo mjomba, kwa muda mrefu. Siku tatu baadaye alikuwa mlangoni mwangu, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, mfuko wa parachichi mkononi kwa ajili ya mdogo wake.

Tulifika Mutomo wakati mzuri. Mvua ilikuwa imenyesha, na ile nchi ambayo mtu huizoea ikiwa nyekundu na kavu ilikuwa imevaa kijani kama inayokwenda kanisani. Mjomba, mzee mrefu mwenye sauti ya upole na mbuzi wengi, alisikiliza shida yangu kwa makini sana.

"Kuna yule ndege wa mdomo mkubwa, hondohondo," akasema. "Amejenga kwa ule mti mkavu pale malishoni. Amemfungia bibi ndani ya shimo."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Amemfungia?"

"Amefungiwa na udongo. Kumebaki kaufa tu, mdomo ndio unapita."

"Na wewe umekaa hapa unakunywa chai?" Alikuwa tayari amesimama. "Twende tukamtoe!"

Njia nzima mjomba alijaribu kueleza, lakini dada yake alikuwa mbele yetu sote, akikanyaga majani kwa hasira, na mbuzi walikuwa wakitufuata nyuma kama mashahidi. Tulipofika, alisimama chini ya ule mti na kutazama juu. Tundu lilikuwa kimo cha mtu na nusu, limezibwa kwa udongo uliokauka, na katikati mlikuwa na ufa mwembamba wima. Ndani ya ufa kitu chekundu kilisogea. Ulikuwa mdomo.

"Ngai!" mama mkwe akanong'ona, akimwita Mungu. "Ni kweli."

"Dada, nisikilize," mjomba akasema. "Ni yeye mwenyewe amejifungia. Bibi ndiye anaingia, anaziba mlango akiwa ndani, ndio nyoka asiingie. Anataga, analalia mayai. Bwana kazi yake ni moja, kuleta chakula. Kutwa nzima, kwenda na kurudi."

Mama mkwe alitazama ule ufa, kisha akakaa chini kwenye jiwe, akanyoosha miguu.

"Kumbe amepumzika," akasema. Baadaye kidogo, bila kunitazama, akaongeza: "Mimi nilipomzaa bwana yako, siku ya nne nilikuwa shambani."

Nilisimamisha kamera kwenye stendi yake, nikajificha nyuma ya kichaka, na tukaanza kungoja. Kupiga picha za watu kulikuwa kumenizoesha vibaya. Mtu unamwambia inua kidevu, anainua. Yule dume alikuja mara ya kwanza nikiwa nafuta lenzi, mara ya pili nikiwa natoa siafu kwenye soksi, na mara ya tatu nilipata mkia wake tu, ukiondoka. Nikaanza kulalamika kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, mwiitu," akasema mama mkwe, maana yeye huniita binti yake kwa Kikamba. "Anakuja kutoka upande wa kulia. Kila mara anatua kwa lile tawi lililovunjika, anaangalia huku na huku, ndio anashuka. Wewe weka kitu yako pale kwa tawi."

Nilishangaa. Yule aliyesema ndege hawana haja ya picha alikuwa ameshika ratiba yao kama karani wa kituo cha basi. Kuanzia hapo akawa ndiye msimamizi. Akinyoosha kidole, najiandaa. Akikishusha, napumua. Na hivyo ndivyo nilivyompata yule hondohondo akitua, mbawa zake zenye madoa zimefunguka, panzi mdomoni. Nikampata tena shingo imenyooshwa, mdomo mwekundu ukigusana na mdomo mwingine uliotoka gizani. Nilitaka kupiga kelele lakini nilijiuma mkono.

Kisha dume akaleta jongoo.

Alikuwa jongoo mkubwa, mweusi, aliyejikunja. Dume akamsukuma kwenye ufa. Jongoo akarudishwa nje. Dume akainamisha kichwa, akamwokota, akamwingiza tena. Jongoo akatupwa nje kwa nguvu zaidi. Yule bwana akabaki ananing'inia pale, akitazama jongoo chini, akitazama mlango, akitazama jongoo, na nakuapia alikuwa na sura ya mwanamume aliyerudi kutoka sokoni na kitu kisichokuwa kwenye orodha.

"Amekataa!" mama mkwe akapasuka. "Amekataa mboga!"

Alicheka. Hakufunika mdomo. Alicheka akirudisha kichwa nyuma, akipiga mapaja, machozi yakimtoka, mapengo yake mawili yakiwa hadharani, na kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa, cha kupanda na kushuka, kicheko cha msichana. Kitambaa kilimteleza kichwani kikaanguka nyuma yake, nywele zake nyeupe zikabaki wazi kwenye jua, na kabla hajageuka mbuzi mmoja alikuwa ameanza kukila kwa pembeni. Mjomba akamfukuza mbuzi, mbuzi akakimbia na kitambaa, mama mkwe akacheka zaidi. Mikono yangu iligeuza kamera yenyewe. Nilibonyeza mara moja.

Nilimtumia mhariri picha zote. Ile ya kicheko niliiweka katikati, nikijiambia kwamba hataichagua. Hilo huenda likahesabiwa kuwa uongo wa pili. Baada ya miezi kadhaa akanipigia simu, sauti yake ikiwa juu, akaniambia kitabu kimetoka, na kwamba hondohondo yuko ukurasa wa kushoto na yule mama anayecheka yuko wa kulia, ukurasa mzima, hakuna maneno. Nilishukuru. Nilikata simu. Nikakaa chini sakafuni. Mwenyekiti wa akina mama, kichwa wazi, mapengo nje, ukurasa mzima! Na mimi sikuwa nimemwomba ruhusa.

Kitabu kilikuja na basi la Mombasa, nikaambiwa nikichukue Makindu. Mama mkwe alisisitiza twende pamoja. "Nataka kuona ndege wangu," alisema. Wangu! Njia nzima nilikuwa natafuta maneno na kuyameza. Tulipokipokea ilikuwa saa ya chakula cha mchana, tukaingia kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hukaribishwa kula. Tulivua viatu, tukafunika vichwa kwa vitambaa, tukala dengu na chapati tukiwa tumeketi chini na watu tusiowajua, na kifurushi kilikuwa kati yetu kama mtoto mchanga. Halafu tukatoka uani, tukapata benchi kivulini. Nilikata karatasi kwa funguo za studio. Harufu ya wino mpya ikanipiga, na kwa muda nikasahau woga wangu wote. Jina langu lilikuwa pale ndani! Nililigusa kwa kidole kuhakikisha halifutiki.

Mama mkwe alifungua ukurasa mmoja mmoja, akiushika pembeni kabisa. Aliona Mbooni, akatafuta paa la nyumba yake na kulipata. Aliona mama wa maembe, ambaye tulikuwa tumempita asubuhi hiyo hiyo. Kisha akafika.

Alimtazama hondohondo, akatabasamu. Macho yake yakahamia kulia. Nilianza kusema, "Mama, nisamehe, nilipaswa—"

"Mwaitu," akasema polepole.

Hilo ni neno la Kikamba la kumwita mama yako mzazi. Nikadhani nimesikia vibaya na ananiita mwiitu, au anasali. Lakini alikuwa anazungumza na ule ukurasa.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Alikuwa anacheka hivi hivi. Ulimtoa wapi? Mama yangu hakuwahi kupigwa picha."

"Ni wewe, Mama. Siku ile ya jongoo."

Alisogeza kitabu karibu, akakisogeza mbali. Akapapasa shavu lake mwenyewe, kisha shavu la kwenye karatasi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama ni kilio, mpaka kile kicheko kikatoka tena, pale uani kwa watu, mpaka mzee mmoja mwenye kilemba aliyekuwa akipita na birika akasimama na kuanza kucheka naye bila kujua sababu.

Alipotulia, akafuta macho. "Na kitambaa changu kiko wapi hapa?"

"Kililiwa na mbuzi, Mama."

"Umeandika kwamba kililiwa na mbuzi?"

"Hapana."

"Andika! Kanisa litadhani nilitoka nyumbani hivi."

Kwa hiyo nilitoa kalamu, na chini ya picha niliyoipenda kuliko zote, kwenye karatasi ile laini ya gharama, nikaandika kwa herufi nzuri: *Kitambaa kililiwa na mbuzi.* Akasoma mara mbili, akaridhika, akafunga kitabu na kukiweka kwenye mfuko wake, si wangu.

Jumapili iliyofuata alikipeleka kanisani. Baada ya ibada aliweka meza nje, akaweka beseni la maji na taulo, na hakuna aliyekaribia ukurasa bila kunawa. Foleni ilizunguka kanisa. Mimi nilisimama kando, nikitegemea kuulizwa maswali kama mpiga picha. Hakuna aliyeniuliza chochote. Ni yeye aliyekuwa akieleza jinsi hondohondo anavyotua kwa tawi lililovunjika, jinsi bibi anavyojifungia, jinsi jongoo alivyorudishwa mara mbili, na akifika hapo anageuza ukurasa na akina mama wanaangua kicheko. Mchungaji alisoma maandishi yangu kuhusu mbuzi kwa sauti, kwa uzito uleule anaosomea Zaburi.

Mhariri ameniomba picha zaidi, na mwezi ujao tunarudi Mutomo. Nasema tunarudi kwa sababu sikupewa nafasi ya kwenda peke yangu. Mjomba ametuma habari kwamba kuna digidigi wawili wanaokuja kisimani asubuhi, na mama mkwe tayari amenipigia simu mara tatu kuuliza kama lenzi yangu inafika mbali vya kutosha.