Nakala Moja Zaidi

Kaa nami kidogo, wewe unayenisikiliza, hasa kama umepanga chumba na ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Nitakueleza polepole jambo nililolifanya Sumbawanga miaka ya Ujamaa, nilipokuwa msichana mpiga chapa katika ofisi moja, nimetoka Mbeya na sanduku langu la bati. Najua siku moja nawe utachoka na jirani yako, na kuchoka si kosa.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na korido katikati inayotokea uwani. Huko uwani kulikuwa na choo kimoja, bafu la mabanzi, na mafiga ya kila mpangaji. Chumba kinachotazamana na changu alikaa mama mmoja Mfipa, wa umri wa mama yangu mdogo. Alikuwa mjane. Aliolewa Kasanga, kule ziwani, na mumewe alipofariki akawaacha wakwe zake akapanda huku juu alikozaliwa. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule mimi nilimwona ni mama wa pombe tu.

Kila Jumamosi mchana, mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, uwani palijaa watu. Walikuja na majembe begani na tope mpaka magotini, wanaume kwa wanawake, wakaketi kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi. Waliimba, wakabishana, wakaimba tena. Wanaume walikojoa ukutani chini ya dirisha langu, ilhali choo kilikuwa hatua chache tu. Nguo nilizoanika asubuhi nilizikuta kwenye kamba zimefutiwa mikono.

Siku moja nilitoka nikasimama mlangoni, nikiwatazama kwa uso ambao niliamini unatosha badala ya maneno. Mmoja akapaza sauti: "Karani! Tusamehe, leo hatukuleta barua ya maombi!"

"Mwache," mwenzake akadakia, "atakugongea muhuri mgongoni urudi kwenu umeidhinishwa."

Wakaangua kicheko. Mama mwenye chungu alicheka pia, akaniita: "Njoo uonje, mwanangu. Baridi hii ya kwetu haitaki hasira."

Nikafunga mlango. Tangu siku ile sikumwamkia tena. Mtu wa kupewa shikamoo, nilimpita koridoni kama napita nguzo.

Sasa nikufahamishe kidogo, kama hukuishi nyakati zile. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi, mtu wa mtaa huohuo aliyechaguliwa kusuluhisha mambo madogo. Wetu alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka yetu. Ningeweza kwenda kwake kwa kandambili nikamweleza. Lakini nilikuwa mpiga chapa, na kwangu jambo lisiloandikwa lilikuwa bado halijasemwa. Jumatatu, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikatia karatasi na kaboni kwenye taipureta. "Yah: Usumbufu wa Jirani." Nikaeleza kelele, mkojo na nguo. Kisha, ili barua ipate uzito, nikaongeza kwamba mama huyo hana kazi maalumu hapa mjini. Na chini kabisa, kwa mazoea ya vidole, nikaandika "Nakala kwa", nikaitaja ofisi iliyo juu ya balozi. Barua zote nilizopiga chapa zilikuwa na nakala. Isiyo na nakala niliiona kama shati lisilo na vifungo.

Siku zile, mtu wa mjini aliyeonekana hana kazi aliweza kurudishwa kijijini. Sitakudanganya kwamba sikujua. Nilijua, lakini kama mtu anavyojua mambo ya watu wengine.

Haukupita muda mrefu, balozi akanijia saa za kutoka kazini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Ndugu karani, hii ni yako?"

"Ni yangu, balozi."

"Iliyokuja kwangu ningeikunja, nikawakalisha nyote wawili uwani, yakaisha. Hii nakala nani alikutuma?"

"Ni kawaida yetu ofisini."

"Ofisini ni ofisini. Sasa hao wa juu wameniandikia. Mama huyu ajiandae, Jumatatu ijayo arudishwe kijiji alichoandikishwa. Kasanga."

"Mimi nilitaka waache kukojoa pale tu."

"Sasa mbona hukuandika hilo tu?" Akanitazama. "Na shamba lake je? Ulezi unakaribia kuiva."

"Shamba gani?"

"Hao watu wenye majembe, karani, ulidhani wanatoka wapi?"

Huku Ufipa nyasi hufukiwa chini ya udongo katika matuta ya duara, zioze, zirutubishe ardhi ya msimu unaofuata. Ni kazi nzito, na lazima imalizwe kabla mvua hazijakatika, kwa hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mwenye shamba hupika pombe, watu huja kumlimia tangu alfajiri, kisha hunywa pamoja. Pombe ile haiuzwi. Ni shukrani. Na usidhani jambo hilo lilikuwa geni kwangu. Kwetu pia watu hulimiana hivyo, na shangazi zangu walipika vyungu vya namna hiyohiyo. Nilishindwa kuitambua kwa sababu niliikuta katika uwa wa mjini, nami nimevaa viatu vya visigino.

Jumamosi balozi alinipeleka shambani, upande wa barabara ya kwenda Kaengesa. Upepo ulikuwa unalaza ulezi wote upande mmoja. Mama alikuwa ameinama kwenye tuta.

"Shikamoo, mama."

Alipiga jembe mara mbili zaidi. "Marahaba. Leo umeniona?"

Nikaanza kueleza habari za ukuta na dirisha. Akanyanyuka.

"Wale ni shemeji zangu waliooa kwetu na watoto wa dada yangu. Nawagombeza kila siku na wananisikia. Ungeniambia, wangeacha siku ileile."

"Nilidhani unaona, mama."

"Nilikuwa nagawia uwa mzima, mwanangu. Dirisha lako ningelitazama saa ngapi?" Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama: "Kasanga sina changu. Nyumba ni ya wakwe. Changu ni hiki hapa."

Siku hiyohiyo niliomba ofisi ifunguliwe, nikapiga chapa barua ya pili. Niliandika kwamba nilikosea, kwamba mama ni mkulima na shamba lake nimeliona kwa macho yangu. Balozi aliipeleka mwenyewe Jumatatu asubuhi, pamoja na wanaume wawili wa jembe. Mmoja alikuwa yule wa muhuri.

Ninachokijua kama karani ni hiki: barua ya pili haifuti ya kwanza. Hukaa tu juu yake kwenye faili. Jibu lililokuja lilimruhusu mama abaki mpaka avune. Hapo ndipo barua yangu ya pili ilipofika, haikuvuka.

Alivuna. Wiki zile za mwisho Jumamosi zilikuwa kimya. Nilirudi kazini siku moja nikakuta ukuta chini ya dirisha langu umesiribwa udongo mweupe, na yule bwana wa muhuri ananawa mikono. Hakuniita karani. Hakuniita chochote. Kimya nilichokuwa nimekiomba kwa maandishi nilikipata chote, na sikuweza kulala mchana hata siku moja.

Asubuhi ya safari nilimsaidia mama kupandisha magunia ya ulezi kwenye lori. Nilimwamkia, akaitika. Aliniachia kibuyu cha unga wa ulezi mlangoni pangu. Mwaka uliofuata matuta yake yalilimwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo, ukichoka na jirani, nenda ukampigie hodi mchana, wakati hana wageni. Mwamkie kwanza. Mtajie jambo moja tu linalokuumiza, kisha ungoje ajibu kabla hujashika kalamu.