Mawe Niliyokopa Mchezoni

Walisema sitatoka Mtopanga, nikatoka. Walisema sitamaliza chuo, na diploma yangu ya ujenzi imetundikwa ukutani kwa yeyote anayetaka kuja kuisoma. Walisema Uarabuni nitarudi na begi tupu, nikarudi nikajenga nyumba (rangi nimeipaka kwa mikono yangu). Kwa hiyo waliponiambia sitaweza kuwaketisha watu wa mtaa huu wacheze mchezo wa kujenga mji wa kale, niliwacheka. Ningejua nitafedheheka mbele ya watu wale wale, kwa vipande vya mbao vidogo kuliko tende, ningecheka kwa sauti ya chini.

Mchezo wenyewe niliujulia kambini, kazini kwangu kule Uarabuni. Kila mchezaji hupewa kadi kadhaa, anachagua moja, zilizobaki anampa jirani wa kulia, naye anapokea za jirani wa kushoto. Kila kadi ni jengo la mji wa zamani: soko, kisima, lango, machimbo. Ukishalijenga linakupa kitu kila mzunguko, kama soko dhahabu na machimbo mawe, vyote vipande vya mbao, na kwa hicho unajenga jingine, mpaka mji unajiendesha wenyewe. Ni mchezo wa watu wenye akili, si ule wa Kombo na wenzake, wanaopiga karata mezani kama wanaua nge.

Nilikuwa nataka chumba cha Bi Zuhura kilichoko kando ya barabara, nikifanye mahali pa kuchezea, chai na sharubati zikiuzwa, pa kwanza pa aina hiyo upande huu wa bara. Kilikuwa tupu tangu muuza simu ahamie Nyali, na kwingine sikuona kinachonifaa. Nikaenda kumwomba.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya chumba nimeisikia, lakini huo mchezo wako si kamari?"

"Si kamari, bibi. Ni elimu."

"Basi Jumamosi leta elimu yako hapa barazani, na mimi nitacheza. Watu wakiinuka kwa wema, ufunguo ni wako. Nikisikia ugomvi, usiniulize tena."

Jumamosi tukaketi wanne: Bi Zuhura, Chengo muuza mbuzi, mimi, na Kombo wa mitumba (tulisoma darasa moja, yeye akaishia hapo hapo). Waliosimama kutazama walijaa mpaka njiani. Bi Zuhura alipoona kadi ya hekalu akashtuka. "Mimi nijenge nyumba ya masanamu? Astaghfirullahi!" Akaipitisha kwa Chengo. Chengo akasema yeye ana kanisa lake linamtosha, akaipitisha kwangu. Nikaijenga mimi, maana msomi haogopi picha.

Kadi za machimbo nazo zilinipitia mkononi, tena si moja. Kila nikiona machimbo namsukumia Kombo. "Chukua wewe, hii kazi ya vibarua," namwambia, na watu wanacheka, nami najenga bustani, maktaba, kasri. Mji wangu ulikuwa mzuri jamani! Mwisho nikabakiwa na lango kuu, ndilo la kunipa ushindi, nikatazama mbele yangu: ngano tele, dhahabu tele, jiwe hata moja hakuna. Mtu mwenye diploma ya ujenzi.

Sheria ya mchezo haina kukopeshana. Naijua, niliwasomea mwenyewe. Lakini nikakohoa, nikasema, "Kwa leo tu, kwa kuwa nyinyi wageni wa mchezo, turuhusu kukopa." Na aliyekopa ni nani? Kombo akanipa mawe mawili, Chengo matatu. Bi Zuhura akavishika vyake viwili, vipande vya mbao vya kijivu, akaniangalia.

"Utalipa?"

"Wallahi, bibi, nitayalipa mawe yote, kila mtu yake!"

Nikajenga lango, nikashinda. Nikasimama, nikawapigia hotuba fupi juu ya faida za elimu, nikaanza kurudisha vitu sandukuni.

"Yakhe," akasema Kombo, "mawe yetu?"

"Mawe gani? Mchezo umekwisha."

"Umekwisha wako. Wangu bado."

Chengo naye akasimama, akaniita mwizi wa mbao, nikamwita mchunga mbuzi, sauti zikapanda, waliokuwa njiani wakaingia barazani kusikia vizuri. Nikamwaga vipande mezani nikawaambia wachukue. Bi Zuhura akavisukuma vikanirudia.

"Hivi vimetoka sandukuni kwako na vimerudi sandukuni kwako. Hiyo si kulipa. Kwani wewe uliapa kwa Mola ama kwa mbao? Umeapa mawe, leta mawe. Ya chumba tutazungumza siku hiyo."

Nilijikaza siku kadhaa, nikajiambia ni ujinga wa watu wasiosafiri. Nikienda kununua mahamri, muuzaji ananiuliza, "Utalipa, ama utaapa?" Nikitoka msikitini kuna mtu ananipisha, "Mpisheni mwenye kiapo." Nikashindwa. Nikaenda machimboni upande wa Bamburi nikanunua mawe ya kuchonga, ya nyumba za kweli, nikakodi mkokoteni. Pale penye mchanga hamali akakataa kuvuta peke yake, nikasukuma mimi, shati la pasi likawa la vumbi, madirisha yote ya mtaa yamefunguliwa watu watazame.

Nikaanzia kwa Kombo, akagonga jiwe moja kwa kidole. "Hili limemeguka pembe." Nikambadilishia. Chengo akapokea matatu yake, akakalia moja hapo hapo. Nikafika kwa Bi Zuhura, nikashusha mawili ya mwisho, nikauliza habari ya ufunguo.

"Chumba nimempa fundi cherehani, juzi," akasema. "Alikuja kimya, hakuapa. Lakini mlango ule kizingiti kiko juu, wateja wake wanajikwaa. Hayo mawe niwekee pale, mwanangu. Si una diploma?"

Nikayaweka, yakawa ngazi ya mlango. Siku hizi nikicheza siapi, hata kwa mchezo wa kete. Na ile ngazi imekaa sawasawa. Mwenye shaka aende na pimamaji.