Matanga ya Mtu wa Televisheni

Enzi zetu za Zaire, sisi watoto wa mtaa wa Nyawera tulijua kwamba mchezo ni kitu cha kutengeneza kwa mikono: mpira wa majani ya migomba, gari la waya. Halafu vakansi moja, wakati wa likizo, tonton, mjomba wake Cirhuza yule jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja kutembea kutoka Ubelgiji na mashine ya kuchezea kwenye televisheni. Avenue nzima, barabara yetu yote, ikahamia kwenye salon, sebule yao. Hata waliokuwa wamegombana na Cirhuza walimwomba msamaha haraka haraka, kabla hajakumbuka walimkosea nini.

Sheria ilikuwa moja: ukifa, unampa mwenzako manette, kile kidude cha kushika mkononi. Cirhuza, mwenye nyumba, yeye akifa alisema mashine imekosea. Sisi wasichana tulipewa kazi ya kushangilia. Niliitamani ile manette mpaka nikawa naiota, na tonton alikuwa anarudi Ulaya Jumatatu pamoja na mashine yake.

Kwa kuwa sikucheza, nilitazama, na mtazamaji hakosi maoni. Mchezo wa magari sikuupenda: barabara kavu, hakuna tope, hakuna wa kusukuma, na madereva wanapita bila kubeba mtu. Ule wa karate ulinisikitisha, maana watu wanapigana mpaka mmoja anaanguka, na hakuna maman anayetoka jikoni na mwiko kuwatenganisha. Kwenye mpira wa miguu hakukuwa na mwenye mpira, kwa hiyo hakuna aliyekasirika akaenda nao kwao. Kwangu huo haukuwa mpira. Niliyempenda ni mtu mfupi wa kaptula aliyeruka mashimo na mito. Alikuwa na roho tatu, yaani angeweza kufa na kufufuka kabla mchezo haujaisha, na juu ya kioo saa ndogo ilimhesabia muda.

Jumapili ya mwisho, baada ya misa, nyanya yake Cirhuza alifika kutoka kijijini, Walungu. Wote tulimwita Koko. Alikaa, akamsalimia yule mtu wa kaptula kwa Mashi, lugha ya kwao, akangoja jibu. Akatuuliza ni mtoto wa nani. Kabla hatujampatia baba, Cirhuza alimwangusha mtoni, akacheka.

"Mutu anakufa," Koko akasema, "na ninyi munacheka?"

Kwetu mtu akifa kazi inasimama, watu wanakaa chini, na majirani wanalia hata kama marehemu walimjua kwa mbali. Koko alifuata desturi bila kupunguza kitu. Alivua kitenge chake cha mabegani, akafunika televisheni, akatuketisha wote sakafuni. Cirhuza alijaribu kueleza kwamba marehemu bado ana roho mbili. Koko alimjibu kwamba hata ile moja aliyopewa hakuitunza.

Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikalia. Nililia kama ndugu wa tumbo moja, nikataja sifa zake: alivyokuwa mwepesi, alivyojituma, na kwamba hakuwahi kumtukana mtu. Wenzangu waliuma midomo wasicheke. Koko alinitazama kwa huruma.

"Nani alikuwa anamushika wakati alianguka?"

Wote tulimwonyesha Cirhuza, hata mdogo wake mwenyewe.

"Basi huyu hatamushika tena. Mumupe ule mutoto mwenye analia."

Cirhuza alinipa manette kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Kitenge kikaondolewa, kitufe kikabonyezwa, na yule mtu akatokea tena kando ya mto, mzima kabisa. Koko alifanya ishara ya msalaba, akasogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Enda naye polepole, Nabintu. Huyu hana mama hapa."

Sijui kwa nini maneno yale yalinishika hivyo. Mto ulikuwa mbele, na kidole changu kikakataa. Mtu wangu alichezesha miguu palepale, akiningoja. Wavulana walisema ruka, ruka. Sikuruka. Muda wa ile saa ndogo ukaisha, naye akafa pale alipokuwa amesimama, bila kupiga hata hatua. Safari hii nililia kweli, Koko akalia nami, na tonton, aliyechoshwa na matanga ndani ya likizo yake, akachomoa nyaya, akaanza kufunga sanduku.

Siku hizi michezo yote imo kwenye simu ya mwanangu. Juzi alinilazimisha nijaribu. Ule wa kulima, mahindi yanakomaa kabla sijakaa vizuri na hakuna mgongo unaouma; watu wa Walungu wangetucheka. Halafu kuna wa vita, anaoupenda yeye. Anakufa huku anakula ndizi, anafufuka, anakufa tena, na ndizi bado haijaisha. Vijana hawa wana vidole vyepesi kutuzidi, nakubali. Nilimwuliza askari wake ni mtoto wa nani. "Maman, iko jeu tu," akanijibu, yaani ni mchezo tu, bila kuinua macho. Nikamkumbuka Koko, ambaye sasa tumekwisha kumlilia, nikatamani bega lake.

Zamu yangu ilipofika nilimpeleka yule askari taratibu nyuma ya ukuta, nikamwacha amechuchumaa pale. Mwanangu anasema huko si kucheza. Huenda. Lakini katika vita vyake vyote, ni mimi peke yangu ambaye mtu wangu alifika jioni akiwa mzima.